Lazima

Mamangu, hadi leo, akiulizwa pale Majengo
binti yako afanya kazi gani,
hujibu: ni daktari wa makaratasi.
Jirani mmoja, Bi Mwanaharusi,
aliwahi kuniletea goti lake lililovimba.
Nikampa kiti, nikampa chai,
nikamwambia kweli: kutibu goti sijui.
Najua tu ni magoti mangapi, Mvita nzima,
yapandayo ngazi za zahanati isiyo na dawa.
Akamaliza chai. Akasema, basi hesabu na hili.

Nikahesabu.

Nilianza na visima. Mwaka ule wa kuhara
walinipa futi kamba, daftari, na Nyambu,
kijana wa Kitaita mwenye viatu vizuri kupita kiasi.
Mlaleo, Barsheba, kurudi Mishomoroni,
tukipima toka mdomo wa kisima hadi shimo la choo:
mita tisa. Mita sita.
Mita nne, na mlango wa bati katikati.
Mwenye nyumba mmoja alitufukuza kwa ufagio.
Mwingine alitutekea maji yake
kwa bilauri za harusi,
akasimama kungoja tunywe.
Nyambu alinitazama. Mimi nilikunywa.
Siku tatu sikutoka nyumbani. Hilo halimo ripotini.

Niliandika kurasa arubaini, zikawa ishirini,
zikawa nane, kwani mheshimiwa hasomi zaidi ya nane,
kisha mbili, kwani kumbe nane pia hasomi.
Ndani ya mbili hizo mlikuwa na sentensi moja
niliyoipenda kama kifungua mimba:
*Ni lazima kila kisima kitiwe dawa.*
Ikaenda juu. Ikarudi na wino wa kijani:
*Kila kisima kitiwe dawa, pale inapowezekana.*

Pale inapowezekana.
Nimeishi humo miaka kumi na mmoja.
Ni chumba chenye feni, birika,
na watu wapole mno.
Hakuna aliyewahi kuyakataa maji safi.
Husema bajeti. Husema mwaka ujao wa fedha.
Husema, dada, tuletee takwimu zaidi,
na takwimu zaidi, wakati ule,
zilikuwa zimelala mbili mbili kitanda kimoja,
dripu ikining'inia kwenye msumari.

Basi nikajifunza kazi upya.
Kwamba anayechapa kumbukumbu za kikao
ni Kadzo wa Rabai, apendaye mahamri bila mbaazi.
Kwamba mwenyekiti hana subira baada ya adhuhuri.
Kwamba kifungu kikiwa cha tatu huchinjwa,
kikiwa cha kumi na saba hupita kimelala.
Sikuona haya. Nikakihamisha.

Kilipita Jumatano, alasiri,
mvua ikipiga bati hata kipaza sauti kikashindwa,
mikono yote juu, macho yote kwenye saa.
Lazima.
Kadzo alilichapa kwa herufi nene, bila kuombwa.

Hapakuwa na sherehe. Gari la dawa likazunguka,
likaharibika, likalala gereji mwezi mzima, likazunguka.
Masika yaliyofuata nikaenda wodini.
Watu walikuwako: wa malaria, wa pikipiki,
lakini kule pembeni msumari ulikuwa peke yake.
Muuguzi akauliza, umekuja kumwona nani?
Nikababaika. Nilikuwa nimekuja kuwaona wasiokuwapo.

Yuko mtoto huko Barsheba, jina lake silijui,
ambaye leo amegoma kunywa uji
na kuficha daftari la hesabu chini ya godoro.

Jana Bi Mwanaharusi alinisimamisha mlangoni.
Goti, akasema, bado.
Limo, nikamwambia, ukurasa wa pili.
Akanitazama kama atazamaye duka lililofungwa.
Nikatoa kalamu.
Ni la kushoto au la kulia?
Miaka yote hiyo sikuwa nimemuuliza.